Mkaratusi wa Kigongoni

Jana mama watoto alimfukiza mdogo wetu, mafua yamembana. Alipofunua sufuria, harufu ya majani ya mkaratusi ikajaa chumba, nami nikajikuta juu ya bati kule Lushoto, spana mkononi, simu nimeibana kwa bega.

Shule ilikuwa na intaneti, zahanati ng'ambo ya bonde haina. Kazi yetu ilikuwa kuirusha hewani kutoka shule hadi zahanati: kilomita 7, dishi mbili, mawimbi ya gigahezi 5.8. Mwenzangu alimulika kioo juani kutoka paa la shule, nikakiona, nikaamini kazi imekwisha. Tulipowasha, ikashika kwa kusuasua, nguvu ya mawimbi hasi 84; kadiri namba inavyokaribia sifuri ndivyo yanavyokuwa na nguvu. Mvua ikinyesha, inakata kabisa.

Mawimbi hayapiti kama uzi. Yanataka nafasi yenye umbo la yai refu, na kwa umbali ule katikati hutanuka karibu mita 9 na nusu kila upande. Ndani ya yai hilo, kwenye kigongo, ulisimama mkaratusi mmoja. Majani yakilowa, ndiyo basi. Milingoti tulikwisha kuipandisha hadi mwisho. Nikaenda kwa mwenye mti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamweleza. Akauliza, "Hayo mawimbi hayawezi kuzunguka?" Hayawezi. Akaupapasa mti kama anavyopapaswa ng'ombe. "Niliupanda mwaka aliozaliwa kifungua mimba wangu. Kama ni kwa ajili ya wagonjwa, kateni kichwa."

Nikarudi juu ya bati. Kwa mbali nikaona kilele kikiinama polepole, kikasita, kisha anga tupu. Nikalegeza nati, nikasogeza dishi upana wa ukucha. Simuni mwenzangu anasoma: "Hasi 71... 66... 67, rudisha... 64... Hapo! Usipumue! 62!" Nikakaza nati huku mikono inatetemeka. Chini, muuguzi alikuwa analia kwa furaha.

Jioni mzee akafika zahanati na fungu la majani begani. "Haya ni ya kufukizia wagonjwa," akasema, "yasipotee bure."

Baada ya miaka 3 mkongo, waya wa kupitishia intaneti, ulifika, dishi zikashushwa. Mkaratusi uliokatwa huchipua, lakini kukifikia kimo kile ni miaka mingi. Mara nyingi nimetaka kwenda kumwambia mzee kwamba njia ile haitumiki tena, auache mti wake ukue utakavyo. Sijaenda. Sijui kama ni habari njema nitakayompelekea.