Maswali ambayo desa haliyajibu

Ukimuuliza mwanafunzi wa kidato cha tatu dhamira za tamthilia, atakutajia bila kupepesa macho: ukombozi, umoja, uongozi bora. Amezikariri kwenye desa, yale maelezo yaliyofupishwa ya kujiandalia mtihani, na kitabu chenyewe huenda hajakifungua. Nilipokabidhiwa kikundi cha usomaji shuleni, niliamua kutunga maswali ambayo desa haliwezi kuyajibu.

Tulikuwa na Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, tamthilia ya 1969 inayohusu nabii wa jina hilo na Vita vya Maji Maji dhidi ya utawala wa Wajerumani. Swali la haraka ni, "Je, Kinjeketile ni shujaa?" Linachangamsha, sikatai, kikundi kinagawanyika papo hapo. Ila kinachofuata ni mdahalo, mwenye sauti kubwa anashinda, na kitabu kimefungwa mezani. Nikalibana. Karibu na mwisho Kinjeketile yuko kifungoni, anatakiwa atamke kwamba maji, ile dawa aliyowaaminisha watu kuwa inazuia risasi, ni uongo, naye anakataa ilhali mwenyewe ameshayatilia shaka. Nikaandika: "Soma maneno yake ya mwisho. Anawajibu Wajerumani, au anasema na watu watakaokuja baadaye? Onyesha mstari." Kurasa zikaanza kufunuliwa.

Hayo maneno "onyesha mstari" sasa nayaweka karibu kila mahali. Nakala hazitutoshi, wanagombania kitabu kimoja watu kadhaa, kwa hiyo nataja na ukurasa, kisha mmoja anasoma kwa sauti kabla ya yeyote kutoa maoni.

Swali ninalolipenda zaidi linatokana na unabii. Kinjeketile anawatabiria watu kwamba watakuwa watoto wa Seyyid Said, yaani wa Sultani wa Zanzibar. Niliuliza: nani anashtuka kusikia hivyo, nani hashtuki, na Kinjeketile mwenyewe anashtuka lini? Ni swali dogo, unaweza kulijibu kwa kuweka kidole kwenye ukurasa. Lakini ukishalijibu, kubwa lililojificha nyuma yake linakukabili: ni uhuru gani huu wa kumtoa bwana mmoja na kumpokea mwingine? Hilo kubwa siliandiki. Wakilifikia wenyewe wanabishana kwa hoja, nikiwapa mimi wananirudishia kaulimbiu.

Kwa kipindi cha saa moja, maswali matatu yanatosha. Ukileta kumi umeleta mtihani, na watoto wetu mtihani wanaunusa kutoka mbali. Nikishauliza nakaa kimya, hata kimya kikiwa kirefu cha kuudhi. (Sisi walimu hili linatushinda, tunaona kimya ni dalili ya kutofundisha.) Na swali ambalo jibu lake tayari ninalo kichwani nalipeleka kwenye jaribio la darasani, ndiko mahali pake.

Baadaye niliwaomba watunge wao, kwa sharti hilohilo: uliza jambo ambalo kweli linakutatiza. Mengi yalikuwa yaleyale ya "jadili kwa hoja tatu". Kisha binti mmoja, msemaji wa nadra sana, akauliza kwa nini tamthilia ya vita inaanza na Bi Kinjeketile na Bi Kitunda wakizungumzia shida ya chakula, badala ya kuanza na wapiganaji. Sikuwa na jibu tayari. Tulirudi onyesho la kwanza tukalisoma upya, tukaorodhesha kila mahali njaa inapotajwa, na maswali yangu mawili yaliyobaki ya siku ile hayakuguswa.