Mashimo ya mstari wa nne

Aprili 2014 baba alikuja Roma na kundi la mahujaji, siku chache kabla ya Yohane XXIII na Yohane Paulo II kutangazwa watakatifu. Mimi nilikuwa nasoma huko mwaka wa pili, najiona mwenyeji kabisa.

Nikampandisha kilima cha Campidoglio, nyuma ya jumba la manispaa, mahali unapolitazama tao la Septimius Severus bila kukunja shingo. Nikaanza kumhubiria: lilijengwa mwaka 203 kwa ushindi dhidi ya Waparthi; kaizari mwenyewe kazaliwa Leptis Magna, Libya ya leo. Baba, mwashi tangu ujana, hakuwa na habari nami. Alikuwa akihesabu kwa kidole mawe ya tao la kati.

"Halina lenta," akasema. "Jiwe linamwegemea mwenzake. Ukizitoa mbao kabla lile la juu halijakaa, wanakufukua."

Kisha akachukua kamera yangu, akayavuta karibu maandishi ya juu. Akakaa kimya muda mrefu.

"Herufi zilikuwa za shaba?"

"Ndiyo, zilipachikwa kwa pini."

"Basi mstari wa nne una mashimo yasiyoendana na herufi. Hapa kazi ilirudiwa."

Nilishapita pale mara nyingi mno, na habari yenyewe niliijua kwa kusoma. Mashimo sikuwahi kuyaona. Tao lilikuwa na majina ya Severus na wanawe wawili, Caracalla na Geta. Mzee alifariki mwaka 211, akawaachia utawala wote wawili. Mwaka haukuisha, Caracalla akamuua mdogo wake, na jina la Geta likaamriwa lifutwe kila mahali. Pale juu wakajaza sifa: watawala bora, hodari kabisa.

Nikamweleza baba. Yeye kila nyumba aliyopiga lipu alichora mwaka na herufi zake mbili kwa ncha ya mwiko, juu ya mlango wa jikoni, lipu ikiwa mbichi. Mama alikuwa akimcheka kwa hilo.

"Kwa hiyo aliyefuta ni kaka mtu."

"Ndiye."

"Na mama yao alikuwa hai?"

"Alikuwepo. Wanasimulia Geta aliuawa mikononi mwake."

Baba akarudisha jicho kwenye kamera, akaupiga picha mstari wa nne peke yake. Kati ya picha zote alizorudi nazo Moshi, ni hiyo tu ambayo haina Papa.