Dakika Tano za Jumapili na Betri Iliyolala

Sauti aliyonirekodia mpwa wangu haikuzidi sekunde kumi na tano, lakini nilipoisikiliza nikiwa nimekaa barazani kwa mama, Bukoba, nililijua tatizo kabla hajamaliza kulieleza: "Shikamoo mjomba. Gari leo limegoma. Nikizungusha ufunguo linalia tik-tik-tik, taa za dashibodi zinafifia, basi." Ilikuwa Jumapili ya tatu tangu niondoke Dar es Salaam kwenda kumuuguza mama, na gari langu, Toyota IST la mwaka 2004, nilikuwa nimeliacha uani kwangu Tabata pamoja na agizo lile lile ambalo wenye magari wengi wa mjini huwaachia walinzi, ndugu na majirani: liwashe dakika tano kila Jumapili ili betri isife.

Kijana alitii. Nilipomhoji kwa simu, bila ukali, alinieleza kwamba Jumapili ya kwanza gari liliwaka mara moja, ya pili lilizunguka kwa uzito kidogo kabla ya kuwaka, na kwamba mara zote mbili aliketi ndani akiwa amefungulia redio na kiyoyozi, kwa sababu ya joto, mpaka dakika tano zilipotimia. Hakukosea hata hatua moja. Aliyekosea ni mimi niliyetoa agizo, kwa maana nilipokaa baadaye na kalamu nikapiga hesabu, niliona kwamba dakika tano zile zisingeweza kuiokoa betri yangu hata kama angezitimiza kwa uaminifu wa mwadhini.

Gari lililozimwa halijazimika lote. Saa ya dashibodi inaendelea kuhesabu, kompyuta ya injini inatunza kumbukumbu zake, na mfumo wa milango unakesha ukisubiri rimoti. Katika gari lisilo na kasoro, vitu hivyo kwa pamoja hunywa umeme wa kiasi cha miliampea 20 hadi 50, usiku na mchana. Ni umeme kidogo sana, usioweza kuwasha hata taa ya ndani ya gari, lakini haukatiki. Miliampea 50 kwa saa 24 ni ampea-saa 1.2 (ampea-saa moja ni umeme wa ampea moja unaotoka kwa saa nzima), kwa siku 30 ni ampea-saa 36. Sasa tazama betri yenyewe. Ya kwangu imeandikwa 46B24L, maandishi ya kiwango cha Kijapani ambamo 46 ni daraja la nguvu, B ni ukubwa wa ubavu wake mfupi, 24 ni urefu kwa sentimita, na L inaonyesha kichwa cha chanya kiko upande gani. Madukani huitwa NS60, na ikiwa mpya hubeba ampea-saa 45. Ya kwangu haikuwa mpya. Ilikuwa imekwisha kula miaka mitatu ya joto la Dar es Salaam, na nadhani ilikuwa haibebi zaidi ya 35.

Halafu gari langu halikuwa likinywa miliampea 50. Lilikuwa likinywa 70, jambo ambalo nililigundua baadaye na nitalieleza. Miliampea 70 kwa wiki nzima ni takribani ampea-saa 12. Je, dakika tano za Jumapili zilirudisha nini? Watu husema kwamba kuwasha gari ndiko kunakomaliza betri, na mimi niliamini hivyo kwa miaka mingi, lakini hesabu haikubali: stata (mota inayozungusha injini ili iwake) ya injini ndogo inaweza kuvuta ampea 150, ila inavuta kwa sekunde mbili tatu tu, na hiyo haizidi sana sehemu moja ya kumi ya ampea-saa. Shida iko kwenye malipo. Injini ikiwa inanguruma pale pale ilipo, altaneta, yaani jenereta ndogo inayozungushwa na injini, inazunguka polepole, na umeme wake unagawiwa kwanza kwa plagi, pampu ya mafuta, feni ya rejeta, feni ya kiyoyozi na redio. Tukikadiria kwa ukarimu kwamba betri ilipata ampea 10 zilizobaki, kwa dakika tano hiyo ni ampea-saa 0.8, na ukitoa ile iliyotumika kuwashia inabaki 0.7. Yaani kila wiki zinachotwa ndoo kumi na saba pipani, inarudishwa moja. Jumapili ya pili betri ilikuwa imebakiwa na kama theluthi yake, ndiyo sababu injini ilizunguka kwa uzito. Jumapili ya tatu pipa lilikuwa kavu.

Ile tik-tik-tik nayo ina maelezo yake. Stata ina swichi kubwa ya sumaku ambayo inahitaji umeme kidogo tu ili ijifunge. Betri dhaifu inao huo kidogo, kwa hiyo swichi inajifunga, lakini mara tu mota ya stata inapoanza kudai mamia ya ampea, volti zinaanguka, sumaku inalegea, swichi inafunguka, volti zinapanda tena, na mzunguko unaanza upya mara kadhaa kwa sekunde. Ukisikia mlio mmoja tu, "tak", kisha kimya, huku taa zikiendelea kung'aa, basi mara nyingi tuhumu stata yenyewe au waya zake, usiiguse betri.

Fundi wa kwanza aliyeitwa na mpwa wangu alifungua boneti, akatazama, akatamka bei ya betri mpya. Hakupima chochote. Nilimwomba kijana amshukuru na amtafute mzee mmoja fundi umeme wa magari niliyewahi kumtumia, naye alipofika alitoa mita mfukoni, akaigusisha kwenye vichwa viwili vya betri, akasoma volti 11.6, kisha akasema kwenye simu maneno ambayo tangu siku hiyo nayatumia kama yangu: "Hii haijafa, bosi. Imelala."

Tofauti hiyo ya kulala na kufa ni ya kweli, tena ina kikomo cha muda. Betri hizi tunazotumia hadi leo zinafuata kanuni ya Mfaransa Gaston Planté, aliyetengeneza ya kwanza mwaka 1859: bamba za risasi upande mmoja, bamba za oksidi ya risasi upande wa pili, na asidi ya sulfuriki katikati, ile ambayo mtaani huitwa maji makali. Betri inapotoa umeme, bamba zote mbili hugeuka polepole kuwa salfeti ya risasi, na inapochajiwa salfeti hiyo huyeyuka na kurudi ilikotoka. Mwanzoni salfeti ni laini kama vumbi na inarudi bila kinyongo. Betri ikiachwa tupu kwa siku nyingi, vumbi hilo hujijenga kuwa fuwele ngumu zisizokubali tena kuyeyuka, na kila sehemu ya bamba iliyofunikwa na fuwele hizo imetoka kazini moja kwa moja. Kwa hiyo betri iliyolala jana inaamka vizuri; iliyolala tangu miezi mitatu iliyopita huamka nusu, au haiamki. Ndiyo maana sikutaka gari lisubiri wiki tatu nyingine mpaka nirudi, ijapokuwa hakuna aliyelihitaji.

Kulisukuma hakukuwezekana, kwani gia zake ni za otomatiki. Pampu ya mafuta ya gia hizo inazungushwa na injini yenyewe, na injini ikiwa imezimika hakuna msukumo wa kushika gia, hata mkiwa vijana kumi nyuma ya buti. Ikabaki kubusti kwa gari la jirani. Mzee fundi alimfundisha mpwa wangu utaratibu ambao wengi huuruka: waya mwekundu kwanza kwenye chanya ya betri iliyolala, kisha kwenye chanya ya betri nzima, waya mweusi kwenye hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho ya mweusi isiwekwe kwenye hasi ya betri iliyolala bali kwenye chuma kitupu cha injini, mbali kidogo. Ncha ya mwisho ndiyo hutoa cheche, na betri inaweza kuwa imezungukwa na gesi ya hidrojeni, ambayo haina mzaha. Ukigeuza chanya na hasi, dua yako iwe kwamba ikatike fyuzi kubwa tu, kwa maana dayodi za altaneta na kompyuta nazo ziko kwenye njia hiyo.

Injini ilipowaka, fundi hakuliacha lilale na ushindi huo. Betri tupu haipaswi kuachiwa altaneta iijaze, kwa sababu altaneta imeundwa kuongezea kilichopungua, na foleni ya Barabara ya Mandela haiongezei kitu. Aliichomoa, akaenda kuichaji kwa ampea 4 usiku kucha, akaiacha itulie saa kadhaa, kisha akapima tena: 12.5. Betri nzima iliyojaa na kutulia husoma 12.6 au 12.7, nusu ni kama 12.2, 12.0 ni karibu na robo. Ya kwangu ilikuwa imepoteza kitu, lakini iliamka, na ilinisukuma mwaka mmoja na miezi miwili zaidi kabla ya kuirudisha dukani kama chuma chakavu ili nipunguziwe bei ya mpya.

Niliporudi nilinunua mita yangu mwenyewe ya bei nafuu, nikatenga Jumamosi nzima kumtafuta mnywaji. Unachomoa hasi, unaunganisha mita katikati ya kichwa cha betri na waya wake, ikiwa kwenye tundu la ampea 10, ili umeme wote unaotoka upite ndani yake, na hapo usithubutu kugusa ufunguo, maana stata itaunguza fyuzi ya mita kwa kufumba na kufumbua. Mlango wa dereva niliuacha wazi ili niyafikie masanduku ya fyuzi, ila nilisukuma komeo lake kwa bisibisi ili gari lidhani umefungwa. Mwanzoni mita ilisoma zaidi ya ampea mbili, nikashtuka; kumbe kompyuta zilikuwa bado macho. Baada ya dakika ishirini na tano hivi ilishuka hadi 0.07 na kubaki hapo. Nikaanza kutoa fyuzi moja moja. Fyuzi za kiwandani hazikubadilisha kitu cha maana. Nilipochomoa waya wa kifaa cha kufuatilia gari, kilichofungwa na aliyeniuzia, ikashuka hadi 0.05. Nilipochomoa alamu iliyofungwa mtaani, ikawa 0.03. Gari la Mjapani lilikuwa zima. Tulichoongeza huku ndicho kilichokuwa kikinywa zaidi ya nusu.

Lipo pia joto, ambalo halionekani kwenye mita. Betri hupoteza chaji hata ikiwa imekaa peke yake kabatini, na kasi hiyo huongezeka sana kadiri joto linavyopanda. Wenzetu wa Njombe na Makete husumbuliwa asubuhi za Juni, kwa sababu baridi hupunguza nguvu ya betri na kuifanya oili ya injini kuwa nzito. Lakini baridi hiyo inaificha nguvu tu, jua likichomoza inarudi. Joto la pwani linaila, pamoja na bamba na maji yake.

Jirani yangu mwenye Prius alicheka sana kisa changu, akiamini kwamba gari lenye betri kubwa ya kuendeshea haliwezi kupatwa na hayo. Aliposafiri mwezi mmoja na kurudi, alikuta betri ndogo ya volti 12 imelala, na bila hiyo kompyuta haziamki na ile kubwa haiunganishwi. Betri hiyo ndogo imo ndani ya buti, na buti hufunguliwa kwa umeme. Tulihangaika nusu saa kabla ya kukumbuka kwamba mbele, ndani ya sanduku la fyuzi, kuna kichwa cha chanya kilichowekwa mahsusi kwa ajili ya siku kama hiyo.

Sasa safari ikiwa ya wiki moja, naliacha gari lilivyo. Zaidi ya hapo, nachukua spana namba kumi na kuchomoa hasi, kamwe si chanya kwanza, kwa kuwa spana iliyoshika chanya ikigusa bodi huku hasi bado imefungwa hugeuka kuwa mashine ya kuchomelea. Kichwa cha waya nakifunga kitambaa ili kisijirudie. Gharama yake ni kwamba redio ya Kijapani, ikikosa umeme hata mara moja, inasahau maisha yake yote na kuanza kudai kadi ya ramani kwa maandishi ambayo hakuna nyumbani kwangu anayeyasoma, na kadi hiyo sijawahi kuiona. Mpwa wangu alihuzunika kuliko mimi. Kwa atakayeacha gari mikononi mwa mtu, agizo langu jipya ni aliendeshe, lisiwe limesimama, walau dakika arobaini kwenye barabara inayokwenda. Asipoweza, asiliguse kabisa.

Mwaka huu nilikwenda tena Bukoba, wiki tano. Niliporudi nilirudisha hasi, nikapima: 12.5. Liliwaka kwa mzunguko mmoja, na saa ya dashibodi ikajitangazia 1:00, yaani saa saba, ilhali ilikuwa ndiyo kwanza saa mbili asubuhi.