Kigoma au Tabora?

Mwakani natimiza miaka 60, umri wa kustaafu kwa lazima serikalini, na nyumbani kesi ya wapi tujenge tuishi uzeeni bado haijaisha. Baba Neema ni Muha wa Ujiji. Kwake mjadala ulishafungwa. Mimi nimefundisha Tabora tangu usichana.

Kigoma naipendea chakula, sina la kuficha. Migebuka ya Kibirizi ikishabanikwa, ukaiunga kwa mawese mapya, mchuzi ukawa mwekundu, ugali wa muhogo pembeni, hapo hata mimi nanyamaza. Lakini kiwanja chake kiko karibu mno na ziwa. Miaka ya karibuni Tanganyika limejaa, watu wamehama nyumba zao, naye anasema maji yatarudi tu. Yatarudi lini? Kiinua mgongo hakitoki mara mbili.

Tabora ni pakavu, na joto la Oktoba si mchezo. Ila maji ya Ziwa Victoria yameshafika, miembe ina kivuli, asali haikosekani, na reli za Mwanza, Kigoma na Dar es Salaam zinakutana hapahapa. Wajukuu hawatakuwa na kisingizio.

Nimempa sharti: Kigoma sawa, lakini auze kile kiwanja tutafute cha mlimani. Akikataa, najenga Ipuli, hapahapa Tabora.