Ukadeti wa urubani: pima afya, soma mkataba, halafu ndiyo uruke

Kabla hujajaza fomu yoyote ya ukadeti, yaani mafunzo ya kuwa rubani wa shirika la ndege, nenda kapimwe afya. Watu wengi hufanya hivyo mwishoni, wakati ada imeshalipwa. Rubani wa ndege ya abiria anatakiwa awe na cheti cha afya cha daraja la kwanza, na daktari wa anga atakukagua macho, masikio, moyo, mkojo na historia yako yote ya maradhi. Miwani haikufungii mlango: viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, vinataka kila jicho lifikie 6/9 na yote mawili kwa pamoja 6/6 (uoni wa kawaida), uwe umevaa miwani au hujavaa. Shida kubwa ni rangi. Mtu anaweza kuishi miaka 20 hajui kwamba nyekundu na kijani zinamchanganya, akaja kuambiwa siku hiyo. Heri uambiwe mapema.

Kisha usome mkataba, na ujue unaandaliwa kwa leseni ipi. Njia ya kawaida ni leseni ya urubani wa biashara, CPL, pamoja na kibali cha kuruka kwa vyombo, bila kutegemea kuona nje. Kiwango cha chini cha kimataifa ni saa 200, au 150 ukisoma kozi iliyoidhinishwa. Njia nyingine ni MPL, leseni ya ndege zenye marubani zaidi ya mmoja, ambayo inahitaji angalau saa 240 lakini sehemu kubwa unaipata kwenye simuleta, mashine ya kuigiza urukaji. MPL inakufikisha haraka kwenye kiti cha rubani msaidizi, ila imefungwa kwenye ndege zenye marubani wawili na kwa kawaida inaegemea shirika moja. Shirika likisitisha ajira, kama mengi yalivyofanya 2020, mwenye CPL anaweza kufundisha au kurusha ndege ndogo huku akingoja. Mwenye MPL hana pa kwenda kirahisi. Binafsi, ukipewa hiari, ningekushauri CPL.

Ndani ya mkataba tafuta mambo haya: saa za ziada zikihitajika nani analipa, ukifeli mtihani wa vitendo mara mbili itakuwaje, utafungwa kulitumikia shirika miaka mingapi, na kama kazi imeahidiwa au umeandikiwa tu kwamba “utafikiriwa”. Neno hilo moja lina uzito wa deni zima.

Nadharia sitaikalia sana. Ulaya ni masomo 13 na alama ya kufaulu ni asilimia 75. Anayekariri benki ya maswali hufaulu, halafu anakwama kwenye simuleta akiulizwa kwa nini injini ya kabureta (kifaa kinachochanganya mafuta na hewa) inapoteza nguvu siku yenye joto la nyuzi 20 na unyevu mwingi. Jibu ni barafu: mafuta yanapogeuka mvuke ndani ya kabureta, hewa inapoa ghafla, unyevu unaganda na kuziba njia.

Kwenye ndege ndogo, kazi inaanzia chini. Unapochota mafuta kwenye kikombe cha ukaguzi, unatafuta maji, ambayo hukaa chini kama matone ya kioo. Lakini kikombe kikijaa maji matupu, hutaona mstari wowote wa kutenganisha, na mwanafunzi atasema “safi”. Kwa hiyo angalia rangi pia: petroli ya ndege ya aina ya 100LL ni ya bluu. Kama si ya bluu, usiwashe injini.

Kutua ndiko kunakokula saa nyingi kabla ya kuachiwa kuruka peke yako. Kosa ni la macho. Mwanafunzi anakodolea lami iliyo mbele ya pua, inamkimbilia, anashtuka na kuvuta usukani mapema. Ndege inapanda kidogo, mwendo unaisha, inadondoka. Ukikaribia lami hamisha macho hadi mwisho wa njia ya kurukia, punguza nguvu, na uinue pua taratibu kadiri ndege inavyotaka kuzama. Ikidunda, usiisukume pua chini kuikimbilia lami: gurudumu la mbele litagonga kwanza, mdundo wa pili utakuwa mkubwa kuliko wa kwanza, na wa tatu huvunja. Weka nguvu zote, paa, zunguka uje tena.

Wengi wanaoondolewa huondolewa kwenye hatua ya vyombo, kwa sababu akili inabaki nyuma ya ndege. Hesabu mbili ziwe mdomoni. Kwa mteremko wa nyuzi 3, zidisha mwendo wako juu ya ardhi kwa 5 upate kasi ya kushuka: noti 90 (maili za baharini kwa saa) ni futi 450 kwa dakika, noti 140 ni 700. Na kila futi 1,000 za kushuka zinataka maili 3 za baharini. Jicho litoke kwenye upeo bandia, chombo kinachoonyesha ndege imekaaje, liguse chombo kimoja, lirudi. Ukiganda kwenye altimita, yaani kipimo cha kimo, mwelekeo umeshakuponyoka. Sindano ya mstari wa kutua inakuwa nyepesi kuyumba kadiri unavyosogea, kwa hiyo masahihisho ya nyuzi 5 yaliyofaa maili 8 nje yawe nyuzi 2 ukifika karibu.

Baada ya hapo unajifunza kufanya kazi wawili, mmoja akirusha na mwenzake akifuatilia na kutamka anachokiona. Wanyamavu huumia hapa. Ukiona mwendo umepungua, sema “mwendo”, hata kama pembeni yako ameketi kapteni mwenye nywele nyeupe.

Ndipo unafika kwenye ndege kubwa, na kutua kunaanza upya. Kwenye Airbus A320 macho yako yako juu sana na magurudumu makuu yako mbali nyuma yako, kwa hiyo kipimo ulichozoea kinakudanganya. Sauti ya ndege itakuhesabia futi: 50, 40, 30, 20. Kwenye 30 anza kuinua pua, kidogo tu, macho yakiwa palepale ulipofundishwa: mwisho wa njia ya kurukia.