Majina ya mahali yanayomtega msomaji wa Kiswahili

Kiswahili kimetuzoesha raha: kinavyoandikwa ndivyo kinavyosomwa. Mazoea hayo yanakutosha ukiwa Kilwa au Pangani, lakini ramani ya Afrika Mashariki haikuandikwa kwa Kiswahili peke yake. Thika imeandikwa kwa tahajia ya Kikuyu, Kyambogo kwa ya Kiganda, na kila tahajia ina kanuni zake. Wanaonaswa zaidi ni sisi wenye Kiswahili chetu, maana hatuoni haja ya kuuliza.

Tuanze na Thika. Th ya Kikuyu ni dh ya dhahabu, si th ya thelathini. Kwa hiyo wenyeji husema "Dhika", "Gidhurai", "Mudhaiga", ingawa vibao vimeandikwa Thika, Githurai na Muthaiga. Mtanzania akimuuliza makanga gari la Thika kwa th ya thelathini ataeleweka, ila atajulikana hapo hapo kuwa ni mgeni. Herufi b nayo, isipotanguliwa na m, hulegea: midomo hukaribiana bila kufungana, sauti ikaelekea v. Ndiyo maana Kabete ya Mkikuyu haina b ngumu. Halafu kuna irabu. Kikuyu kina saba, na zile mbili zenye alama juu, ĩ na ũ, husikika karibu na e na o. Wenyewe huandika Nyĩrĩ, wageni wakasikia e, na ramani ikabaki na Nyeri.

Balaa kubwa kuliko yote ni ng'. Sema ng'ombe polepole: nyuma ya ulimi hugusa kaakaa laini, sauti yote hupitia puani, hakuna g inayopasuka. Sasa sema ngoma: g inapasuka. Tofauti hiyo yote imebebwa na alama moja ndogo, ritifaa, na ndiyo ya kwanza kuachwa na wachora vibao na watengeneza fomu za kompyuta. Mang'ula, yalipo makao ya Hifadhi ya Milima ya Udzungwa, hugeuka Mangula. Mang'ola ya karibu na Ziwa Eyasi hugeuka Mangola. Murang'a na Lang'ata huandikwa Muranga na Langata, na asiyezijua hana namna ya kubahatisha. Kuacha ritifaa ni kosa la tahajia kama kosa jingine lolote, na mhariri anapaswa kulirudisha. Ukitafuta jina kwenye simu na usilipate, jaribu mara tatu: kwa ritifaa iliyonyooka, kwa iliyopinda, na bila yoyote, kwani mifumo mingine huziona kama herufi tofauti.

Kosa hili huenda pia upande wa pili. Waliokulia kwenye Kiingereza, wakiwemo watoto wetu walio Ulaya na Marekani, huisoma Tanga kama "Tang'a" na Iringa kama "Iring'a". Dawa ni kuwakatia silabi mahali pake: Ta-nga, I-ri-nga, Shi-nya-nga. Ng isitenganishwe na irabu inayoifuata.

M ya mwanzo nayo ina mambo yake. Mtwara ni silabi tatu, M-twa-ra, na mkazo uko kwenye twa. Mpwapwa vilevile, M-pwa-pwa. Lakini Mbeya ni mbili tu, Mbe-ya, kwa sababu m imeshikana na b. Wageni huongeza irabu mbele, wakasema "Embeya". Wazungumzaji wa Lubumbashi, ambao kwao mtoto ni mutoto, huelekea kuongeza u katikati. Pazuri pa kufanyia mazoezi ni Mto wa Mbu, mji ulio kwenye barabara ya Makuyuni kwenda Karatu. Mto ni silabi mbili, mbu pia ni mbili, kwani tofauti na Mbeya, katika neno fupi kama hili m husimama peke yake hata mbele ya b, na mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo mkazo unaikalia M yenyewe, mara zote mbili: M-to wa M-bu.

Kanuni hiyo hiyo ya mkazo ndiyo inayotengeneza Kariakoo. Oo ni silabi mbili, mkazo uko kwenye o ya kwanza, na kuifupisha kuwa "Kariako" ni kosa. Jina limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Nairobi wana Kariokor yenye asili ile ile; r ya mwisho ni mazoea ya tahajia ya Kiingereza, usiikaze.

Ukivuka kwenda Uganda, ki na ky huelekea ch: Kyambogo husikika "Chambogo", Kibuli "Chibuli". Konsonanti mbili katika Ggaba na Ssese si kosa la uchapaji. Unaishikilia sauti kidogo kabla ya kuiachia.

Kisha yapo majina ambayo matamshi hayawezi kuyaokoa, kwa kuwa wenyeji wana jina lao. Machakos kwa Wakamba ni Masaku. Lamu kwa wenyewe ni Amu, watu wake ni Waamu na lahaja yao ni Kiamu. Kwenye tiketi na barua andika Lamu na Machakos. Ukiwa barazani na wazee wa huko, Amu na Masaku ndiyo yatakayotumika.