Mtu Hatunzi Gizani

Juzi mpwa wangu alinunua kandili kuukuu katika duka moja la vitu vya kale mtaa wa Gizenga, akalitundika sebuleni liwe pambo, na mimi, ambaye siwezi kuvumilia kuona kandili limekaa bure ukutani, nikalitia mafuta ya taa na kuuwasha utambi nione kama bado linafanya kazi. Lilifanya kazi. Moshi wake wa mwanzo, ule mkali unaotoka kabla chemni haijashika moto, ulinirudisha papo hapo kwenye ghorofa ya Forodha ya Zamani, Januari ya 2010, usiku wa taarabu ambao mpaka leo sijajua niuhesabu vipi.

Giza la msimu ule sina haja ya kulisimulia kwa kirefu. Umeme wetu hutoka bara kwa kebo inayopita chini ya bahari, na tarehe 10 Desemba 2009 ulikatika Unguja nzima, usirudi hadi Machi. Mwaka 2008 tulikuwa tumekaa gizani kwa muda wa mwezi hivi, tukadhani zamu yetu imekwisha. Pampu za maji zilisimama, watu wakarudi visimani na ndoo zao, barafu ikawa bidhaa ya wenye nacho, na Mji Mkongwe, ambao vichochoro vyake havikujengwa kwa ajili ya mashine, ukajaa ngurumo za jenereta mbele ya kila mlango wenye uwezo wa kununua petroli.

Katika hali hiyo ndipo Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi kilipofanya onyesho. Ninaposema onyesho, wenye kukijua chuo wanaelewa: si tamasha kubwa la Ngome Kongwe, bali ni jioni ya kawaida ghorofani, viti vimepangwa, madirisha yako wazi upande wa bahari, na mwanafunzi ambaye vidole vyake bado vinatafuta njia anakaa bega kwa bega na mzee aliyezeekea kwenye vikundi vya mjini. Tangu kianzishwe mwaka 2002 chuo hicho kimekuwa kikifundisha udi, kanuni, fidla, nai na ngoma zetu, na maonyesho yake yamekuwa mahali pa sisi wa mjini kwenda kusikiliza bila kadi ya harusi. Shangazi yangu, ambaye kwa taarabu hukubali kushuka ngazi zote za nyumba yake lakini kwa daktari hudai miguu inamuuma, aliposikia habari akasema kwa neno moja kwamba tunakwenda.

Palikuwa na jenereta la kukodi uani, kwa ajili ya vipaza sauti na taa mbili. Lilikuwa zima kabisa, na ubaya wake ulikuwa kelele tu. Mngurumo wake ulipanda ngazi, ukaingia ukumbini na kuketi juu ya sauti ya nai, kiasi kwamba mpigaji alipokuwa akijaribu tuliona mashavu yake yakifanya kazi tusisikie kitu. Wakabishana. Kijana wa mitambo alisema kwamba bila umeme watu wa nyuma hawatapata neno hata moja. Mzee wa fidla alimjibu, kwa upole wa watu wa umri wake, kwamba Siti binti Saad aliimba miaka mingi kwenye nyumba za watu wa mji huu kabla hajakwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri, na hapajatajwa jenereta katika habari zake. Likazimwa. Yakaletwa makandili kutoka ofisini na jirani, na wauza chakula wa Forodhani wakaazimisha karabai moja, ambayo ilitundikwa mlangoni kwa sababu ndani ingetupofusha.

Nilikuwa nimekaa karibu na mpigaji kanuni, na kwa kuwa alihitaji mwanga nikaombwa nimshikie kandili wakati anaisawazisha. Anayeiona kanuni kwa mbali hudhani ni meza yenye nyuzi. Kwa karibu ni kazi ya subira isiyo na mwisho: nyuzi zinapita sabini, zimepangwa tatutatu kwa kila sauti, na hizo tatu zisipolingana sawasawa utaisikia sauti moja ikijigombeza yenyewe. Aliukamata ufunguo mdogo wa shaba, akageuza kigingi kidogo mno hata nisione kama kimesogea, akadonoa uzi kwa ukucha wa shahada, akainamisha sikio mpaka likakaribia ngozi iliyowambwa chini ya daraja la nyuzi, kisha akatikisa kichwa na kuanza tena. Ukumbi mzima ulimsubiri. Hapo ndipo nilipotambua kwamba hakuna chombo hata kimoja mbele yetu kilichohitaji umeme, si fidla, si udi, si akodioni, si dumbaki. Waliouhitaji tulikuwa sisi wasikilizaji.

Walifungua kwa bashrafu, kipande cha ala tupu bila kuimba, kama desturi. Mwanzoni nilisikia sauti nyembamba, tena za mbali, nikamwonea huruma aliyekaa mwishoni. Baada ya muda masikio yalikubali. Watu waliacha kunong'ona, kwa sababu kila mnong'ono uliharibu kitu, na yule aliyevuta kiti alitazamwa kama mtu aliyepiga chafya msikitini. Nikaanza kusikia mambo ambayo kwenye vipaza sauti huwa hayana nafasi: pumzi ya mpigaji nai kabla ya sauti kutoka, upinde wa fidla ukikwaruza pale unapogeuka, mguu wa mpigaji dumbaki ukihesabu sakafuni.

Kisha akasimama mwimbaji, mwanamke wa makamo, akaanza wimbo ambao ubeti wake wa pili ulimhusu mtu aliyeazimwa nguo, akaizoea, mwishowe akaivaa kwenye harusi ya mwenyewe nayo. Nilihisi kiwiko cha shangazi kwenye mbavu zangu.

"Toa simu yako," aliniambia. "Si ina tochi?"

Ilikuwa nayo, simu ya tochi ndiyo iliyokuwa simu ya watu wote msimu ule. Nilimuuliza anatafuta nini, nikidhani kiatu.

"Nataka kutunza. Mtu hatunzi gizani, mwanangu. Nimulike."

Wasiokulia kwenye taarabu huona kutunza ni kumpa mwimbaji fedha. Fedha ni sehemu ndogo. Mwanamke anainuka pale neno linapomgusa, anatembea polepole mpaka mbele, mkono umeinuliwa juu na noti imejitokeza kati ya vidole, na kila hatua inasema kwamba ubeti huu nimeuchukua mimi, na fulani ajue. Fulani asipoona, safari imekuwa sadaka.

Kwa hiyo tukainuka. Shangazi alitangulia, buibui limeteremka mabegani ili gauni lionekane, noti ya shilingi elfu moja mkononi, akiyumba na mdundo bila haraka yoyote, nami nyuma yake nikilenga tochi ninavyoweza. Kwa heshima nilikuwa namulika sakafu, asijikwae. Aligeuza kichwa kidogo, bila kukatiza mwendo.

"Uso, mwanangu, uso! Miguu wameshaijua."

Nikapandisha mwanga. Kivuli chake kikapanda ukutani, mkono ukawa mrefu kufika dari, na noti ikawa na ukubwa wa leso. Ukumbi ukaguna, ule mguno wa wanawake unaoanzia chini na kumalizika kwa kigelegele, na mwimbaji, aliyekuwa anakaribia kuumaliza ubeti, akaurudia. Shangazi akamwekea noti kiganjani, akasimama hapo mbele kwa muda uliozidi kidogo adabu ya kawaida, akageuka kuukabili ukumbi na kuuangalia upande mmoja, safu za nyuma, penye giza zaidi. Mimi naye nikamulika huko. Niliona nyuso nyingi zikijikinga na mwanga kwa mikono, na bibi mmoja ambaye hakujikinga.

Tulirudi vitini. Shangazi alijipepea kwa ncha ya mtandio, akaniambia niizime tochi kwa sababu namaliza chaji. Zilizofuata zilikuwa nyimbo nzuri pia, nadhani. Sina kumbukumbu nazo.

Mwezi uliofuata tamasha la muziki la Sauti za Busara lilifanyika Ngome Kongwe kwa nguvu za majenereta, watu wakacheza mpaka usiku wa manane, na Machi umeme ukarudi. Kwa muda mrefu nilikuwa nikimwambia kila mtu kwamba onyesho la usiku ule ndilo bora nililowahi kuhudhuria, na kwamba vipaza sauti vimetunyang'anya masikio. Marafiki wawili walinisadiki, tukaandaa jioni nyingine ndogo bila mitambo, umeme ukiwepo na feni zikizunguka. Ukumbi ulikuwa mwingine, lakini taarabu ilikuwa ile ile. Waliokaa nyuma walilalamika kwamba hawasikii, waliokaa mbele wakapiga soga, na kabla ya saa nne tulikuwa tunasomba viti. Pengine usiku ule wa Januari tulisikiliza vizuri kwa kuwa hatukuwa na pengine pa kwenda wala cha kufanya nyumbani. Sipendi maelezo hayo, ila sijapata mengine.

Hata wapigaji hawaniungi mkono. Yule wa nai, nilipomkuta Darajani baadaye na kumsifu kwa ule usiku, alinitazama kwa mshangao. Kwake ulikuwa usiku wa mashaka tangu mwanzo hadi mwisho: hakumwona mwimbaji anapovuta pumzi, hakujua aingie lini, na mara mbili aliingia mapema akajificha nyuma ya fidla. Aliniambia kwamba akipewa kuchagua atachagua taa.

Shangazi naye ana malalamiko yake, ya aina nyingine kabisa. Nimemuuliza mara nyingi yule bibi wa nyuma alikuwa nani, na kila mara hunijibu kwamba hakumtunzia mtu, aliupenda ubeti tu. Lakini tukiuzungumza usiku ule hakosi kusema kwamba wazee walikosea kulizima lile jenereta, kwa sababu kule nyuma maneno hayakufika barabara, na mtu akiona noti bila kuusikia ubeti anaweza kudhani ametunziwa mwenzake.